Foronya Ilikuwa Safi

Mimi si mtu wa kukaa. Wanaonifahamu huku juu ya Makumira watakuambia kwamba hata kanisani nasimama nyuma karibu na mlango, kwa kisingizio cha kuangalia watoto. Kwa miaka mingi nimekuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, na mpishi wa shule akikaa uji unaungua. Ugonjwa huu ulinikalisha tangu masika mpaka vuli, na nusura uondoke na mguu wangu wa kulia.

Naandika kwa ajili yako mwenye kidonda kisichofunga, unayemeza dawa kwa uaminifu na bado unaona usaha unarudi palepale. Mambo ya kitaalamu waulize wataalamu. Mimi nitakueleza niliyoyapitia, na usishangae nikiruka huku na huku, ndivyo nilivyo.

Nilianguka mwezi wa nne. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, nami nilikuwa navuka mfereji nyuma ya migomba yetu na mkungu kichwani, ingawa nilikuwa nimeambiwa nimsubiri mume wangu, Loti. Nilisikia mfupa ukivunjika kabla sijasikia maumivu. Loti alinikuta nimekaa matopeni nautukana mgomba. Hospitali mjini walinipasua, wakaunga mfupa wa chini ya goti kwa chuma, wakanishona, kisha wakaniruhusu kurudi nyumbani na magongo. Daktari wa mifupa alisisitiza kwamba kila nikikaa, mguu uinuliwe.

Kwa jambo hilo sikuwa na wasiwasi, kwa sababu jumuiya yetu ya kanisa ina vitu vya wagonjwa: magongo, beseni, na mto mmoja mkubwa uliojazwa sufi, mgumu, mzuri kwa kuegemeza mguu. Mtu akiugua analetewa. Akipona, au akitutoka, vitu vinarudi kwa mtunzaji kumngoja mwingine. Mtunzaji ni wifi yangu Ndeshi, dada mkubwa wa Loti, na sijaona mtu anayejua kuuguza kama yeye. Wengine tukienda kumwona mgonjwa tunaomba, tunakunywa chai, tunaaga. Wifi huingia jikoni, hutoka na mtori wa ndizi na nyama, humgeuza mgonjwa na kumpaka mafuta mgongoni, na mgonjwa hana la kusema.

Mto ule aliushona mwenyewe kwa ajili ya baba yake, yaani baba mkwe wangu, mzee alipolala kitandani muda mrefu hadi visigino vikaota vidonda. Alipofariki, wifi akautoa kwa jumuiya. Ulikwenda kwanza kwa Mama Nai, jirani yetu, mwanamke kijana aliyejikata mguu kwa jembe. Kidonda chake kilipozidi, dada yake alimchukua kwenda kumuuguza kwake Kisongo, na mto ukarudi kwa wifi. Kisha nikaanguka mimi.

Wifi aliuleta umevikwa foronya nyeupe, iliyofuliwa, ikaanikwa, ikapigwa pasi ya mkaa. Kila baada ya siku chache alikuja na nyingine. Mto wenyewe haukufuliwa. Sufi ikilowa inagandamana, na mto unakuwa kama gunia la mawe. Kila mwanamke huku analijua hilo. Kwa hiyo tunafua foronya, na mto tunaupigapiga vumbi na kuuweka juani. Niliegemeza mguu pale, nyuzi zikiwa bado hazijatolewa, nikala mtori wa wifi na kujihesabu mwenye bahati.

Kipupwe kilipoingia, kidonda kilianza kutoa majimaji. Kisha kikatoa harufu. Nilijaribu kujidanganya, lakini mpishi anajua kitu kinapoanza kuharibika. Loti aliinuka tu akafungua dirisha, katika ile baridi ya mwezi wa sita ambayo huku mlimani hata mbwa haitaki. Hapo nikajua kwamba na yeye anaisikia.

Tukarudi hospitali. Kama hujawahi kusubiri kwenye korido ya kliniki ya mifupa, nikueleze: kuna benchi refu, na kila anapoingia mmoja kwa daktari, wote mnasogea. Nilisogea asubuhi nzima, mguu mbele, magongo ubavuni, nikigombana kimoyomoyo na kila aliyepita mbele yetu na faili mkononi. Huko kwenye benchi kila mtu ni daktari. Mama mmoja aliniambia nifungue vidonge vya rangi mbili ninyunyize unga wake kwenye kidonda. Mzee mwingine akasema asali. Niliwashukuru wote na nikatamani kuwapiga kwa gongo.

Walikifungua kidonda, wakakisafisha, wakanitundikia dawa. Kikakauka. Nikarudi nyumbani, nikarudi kwenye kiti changu na mto wangu. Kabla kahawa haijaanza kuiva vizuri, usaha ukarudi.

Safari hiyo daktari wa mifupa alivuta kiti akakaa kabisa, na daktari akikaa ujue kuna neno. Aliniambia, "Mama, dawa tunazokupa haziwagusi hawa wadudu. Tutajaribu tena. Lakini kikirudi mara nyingine, sitakuficha, itabidi tuondoe mguu hapa chini ya goti ili tukuokoe wewe."

Niliogopa. Siwezi kuipamba hofu ile. Jambo la kwanza nililoliona akilini halikuwa mume wala watoto. Nilijiona nimekaa kwenye kigoda katika jiko la shule, nikiwaelekeza wasichana wengine namna ya kukoroga.

Wakaniweka chumba cha peke yangu. Kila aliyeingia alivaa gauni na glavu, na akitoka alizivua kwenye pipa mlangoni kama mtu anayetoka zizini. Wenzangu wa jumuiya, waliokuja kundi zima na nyimbo zao, waliambiwa waimbe nje. Waliimba dirishani. Nilicheka kisha nikalia, kwa sababu nilikuwa mchafu kwa namna ambayo sabuni haitoi. Wifi Ndeshi pekee aliruhusiwa kuingia pamoja na Loti, kwa kuwa ndiye aliyeniletea chakula. Gauni la hospitali lilimpwaya, akaonekana kama malaika aliyechoka.

Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniambia kwamba maabara kuna mashine ya kuwatambua wadudu wa kidonda. Aliwasikia manesi wakizungumza. Siku iliyofuata akaja daktari wa maabara, dada mwenye sauti ndogo, jina lake Neema, akachukua usaha kwa kijiti chenye pamba. Nilimuuliza nitakaa mpaka lini kungoja majibu, kwa maana mara ya kwanza yalichelewa hata nikawa nimeshamaliza dozi ya kubahatisha. Akasema wadudu wataoteshwa mpaka kesho, na wakishaota, mashine itawataja kabla sijamaliza chai yangu.

Nilimtaka anieleze inavyofanya. Alisema kila aina ya bakteria ina protini zake, na kila protini ina uzito wake. Mashine huwapiga wadudu kwa mwanga mkali, zile protini zinaruka, na inapima ipi imefika lini: nyepesi hutangulia, nzito hufuata. Hapo nikaelewa. Kengele ya chakula ikilia shuleni ni hivyohivyo, na mimi hata nikifumba macho naweza kukuambia ni darasa gani linakuja kwa namna tu miguu inavyofika. Mashine huchora vilima virefu na vifupi, na mpangilio wa vilima ndio sura ya mdudu.

Kesho yake alirudi na karatasi mbili. Moja ilikuwa ya wadudu wa mwezi wa sita, ambao maabara ilikuwa imewahifadhi kwenye friji kisha wakawapitisha kwenye mashine, na nyingine ilikuwa ya sasa. Akaziweka moja juu ya nyingine, akaziinua dirishani kwenye mwanga. Vilima vilikaa juu ya vilima. Walikuwa ni walewale, na ni wa kundi lililozoea karibu kila dawa ya hospitali. Alinitajia jina lao, refu la Kilatini, nikamwomba alirudie mpaka nikalishika. Sikuona sababu ya kuishi na mgeni nisiyemjua jina.

Habari njema ni kwamba walipopimwa na dawa mbalimbali, ilipatikana moja ambayo bado wanaiogopa. Habari mbaya ilikuwa swali. Ama wadudu hawakuwahi kuondoka mguuni, alisema, ama nawaacha hospitali na kuwakuta tena nyumbani. Na kama ni nyumbani, dawa ile ya mwisho nayo itapotea bure.

Nilianzishiwa dripu. Ilikuwa dawa kali. Kinywa kilijaa ladha ya sufuria iliyoungua, chakula chote kikawa kimoja, na mkojo wangu ulipimwa kila mara kwa sababu dawa ile huonea figo. Mguu ulikonda mpaka paja likawa kama la mtu mwingine, na ngozi ya unyayo ikachubuka kama ganda la ndizi iliyochemshwa. Sikuweza kulala upande nilioupenda. Sikuweza kutoka. Nilizunguka chumba kile kwa macho, ukuta, dirisha, mlango, ukuta, mpaka nesi akaniuliza natafuta nini.

Siku moja wakanisukuma kwenye kiti cha magurudumu kwenda kupiga picha ya mfupa. Mlangoni pa chumba cha eksirei kulikuwa na mwanamke mwingine kwenye kiti kama changu, kitenge kimefunika miguu. Nilimtambua kabla hajageuka. Alikuwa Mama Nai. Nikamwita kwa furaha, nikamuuliza vipi Kisongo, vipi mguu. Alisogeza tu kitenge, nikaona kwamba mguu mmoja unaishia njiani.

Walikuwa wamemkata kipindi kilekile mimi naambiwa kwamba huenda na wangu utaondolewa. Kwake mashine ilichelewa. Alipita zahanati moja baada ya nyingine akipewa vidonge, na alipofika hospitali hii, wadudu walikuwa wameshaingia mfupani. Tulishikana macho tu, kwa maana hata mikono hatukuruhusiwa kushikana. Kisha akaniuliza mimi imekuwaje, nikamweleza, na akatikisa kichwa polepole. "Na wewe pia ulipewa ule mto?" akasema.

Niliporudi chumbani nilimwita Daktari Neema. Nilimuuliza kama kuna mgonjwa mwingine mwenye vilima kama vyangu. "Habari za mgonjwa mwingine siwezi kukupa," akasema, "lakini wewe unaweza kuniambia ni kitu gani mnatumia pamoja na watu wa kwenu."

Nikamwambia habari za mto. Akaomba uletwe.

Aliyekwenda kuuchukua ni Loti, na hapo ndipo familia yetu ilipopasuka. Mume wangu ni mpole, lakini miezi ile ilikuwa imemla. Alimkuta dada yake akipiga pasi foronya. Akamwambia anachotaka, na kwa nini. Wifi akasema, "Foronya ilikuwa safi, Loti." Akarudia, "Ilikuwa safi." Loti akaubeba mto, akautia kwenye mfuko wa plastiki, na akiwa mlangoni akageuka akasema, "Wazee hawakukosea. Kikulacho ki nguoni mwako."

Alinisimulia haya akiwa amekaa miguuni pa kitanda, gauni la hospitali limemkaa vibaya, na nilipomuuliza wifi alijibu nini, akasema aliendelea kupiga pasi.

Walikata kipande cha kitambaa na kuchukua sufi ya ndani. Wakaotesha, wakapitisha kwenye mashine. Karatasi ya tatu ilikaa juu ya zile mbili. Daktari Neema alikuwa mwangalifu. Alisema kuna vipimo vingine vitakavyothibitisha undugu wao, kwamba mto si mwanzo wa wadudu, kwamba yawezekana walitoka na baba mkwe wangu hospitali siku zile alipokuwa akilazwa na kuruhusiwa, vidonda vyake vikavuja kupita foronya mpaka kwenye sufi, wakakaa humo kavu wakingoja. Hakuna aliyefanya ubaya, alisema. Mto ukachomwa hukohuko hospitali.

Mimi nilimsikia kwa masikio yote mawili. Lakini huku nyumbani habari zilipanda mlima bila maelezo yake. Zilifika hivi: Ndeshi ndiye anayeugawa ule ugonjwa. Naye hakuja tena na mtori. Alituma chupa ya chakula kwa mkono wa mtu mwingine, kisha hata chupa ikakoma.

Niliporuhusiwa sikupelekwa nyumbani moja kwa moja. Binti yangu Glory anakaa Njiro, mjini, nyumba yenye ukuta na geti, na daktari alitaka nimalizie sindano karibu, wakati Loti anatoa kila godoro na kiti nje na kusugua nyumba kwa dawa. Glory alinitunza vizuri. Lakini Njiro hakuna wa kumpigia kelele. Asubuhi wote wanatoka na magari, geti linafungwa, na wewe unabaki na kuta. Nilikuwa naenda na magongo kutoka sebuleni mpaka getini na kurudi, nikichungulia mlima, nikiwaza kahawa inavyochumwa bila mimi. Kila asubuhi nilifunua bandeji kabla ya kusalimia mtu. Nilinusa. Kisha nilinusa tena, kwa maana sikuiamini pua yangu. Nilimgombeza Glory kwa chumvi, kwa maji, kwa kufunga mlango. Ukiona mgonjwa wako ana maneno makali, mvumilie. Mara nyingi ni hofu inayotafuta mahali pa kutokea.

Haikurudi ile harufu. Mvua za kwanza za vuli ziliponyesha, kidonda kilikuwa kimefunga, kovu jekundu lililokunjamana, baya kwelikweli, na mimi nililiona zuri kuliko uso wa mtoto mchanga. Daktari wa mifupa aliligusa, akaniambia nisimame. Nikasimama. Akasema mguu ni wangu.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayesoma: dawa ikishindwa, waombe wachukue usaha na wamtambue mdudu kabla ya kukubadilishia dawa nyingine ya kubahatisha. Uliza jina lake. Na mtu wa maabara akikuuliza unaegemea nini, unalalia nini, usione haya kumjibu, hata kama umepewa na mtu unayempenda. Hasa kama umepewa na mtu unayempenda.

Nilirudi nyumbani nikakuta Mama Nai naye amerudi, na kwake hakuna anayekwenda. Huku kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Nyumba ya mgonjwa hujaa viatu mlangoni. Kwake hapakuwa na viatu. Watu walikuwa wanapita mbali, wanasalimia kutoka njiani. Daktari alikuwa ameshasema kidonda chake kimefunga na hana cha kumwambukiza mtu akinawa mikono, lakini neno la daktari halina mbio kama la jirani.

Nikachukua fimbo yangu, nikateremka kati ya mibuni mpaka kwa wifi Ndeshi. Alikuwa barazani anachambua maharage. Nikasema shikamoo wifi. Akasema marahaba, hakuinua uso. Alikuwa amekonda. Nilimwambia Mama Nai yuko nyumbani na kwamba tunakwenda kumwona.

"Nikamfanye nini tena?" akasema.

Nilichukua ungo wa maharage mapajani mwake nikauweka chini. "Wifi, daktari amenikataza kusimama sana," nikamwambia. "Usinicheleweshe."

Aliinuka. Tulikwenda, mimi mbele na fimbo, yeye nyuma, na nilikuwa nasikia anavyopumua.

Mama Nai alikuwa kitandani, ameegemea ukuta. Alitusalimia kwa heshima. Nilitamani kutoka, nilitamani hata mvua inyeshe bati lipige kelele. Wifi alibaki mlangoni, mikono ameifunga kwenye khanga. Mwishowe Mama Nai mwenyewe ndiye aliyesema, akimwangalia yeye na si mimi. Alisema mguu unamuuma, ule usiokuwepo. Vidole vimejikunja na hawezi kuvinyoosha. Akiwaambia watu, wengine wanacheka, wengine wanamkemea kwamba ni pepo.

Wifi akaomba maji na sabuni. Alinawa mpaka viwikoni, taratibu, akasuuza, akajikausha kwa kitambaa kisafi. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda, akauinua mguu uliobaki nusu, akaulaza mapajani mwake. Akanyoosha mkono juu ya shuka tupu, pale ambapo unyayo ungekuwa.

"Ni vidole vipi?" akauliza.

"Vidogo."

Wifi akaanza kukanda shuka kwa kidole gumba, polepole, akitafuta. Mama Nai akafumba macho.

"Hapo, mama," akasema. "Hapohapo."